Kivinje: Siku Inayopangwa na Maji

Kabla hujapanga matembezi ya siku moja Kilwa, uliza kwanza mwezi ni wa ngapi. Mtu wa Kilwa Kivinje atakujibu papo hapo, maana mwezi ule ule unaompa tarehe ya kufunga na kufungua ndio unaompa saa za bahari. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa mno na kupwa mno, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Katikati ya nyakati hizo mbili, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayapandi sana. Pwani yetu ina mpangilio wake usiobadilika mwaka hadi mwaka. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa kama saa nne, hupwa kama saa kumi. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwenye kulishika hili anaweza kukaa kwake Dodoma, akatazama kalenda ya Kiislamu, akajua Jumamosi ijayo ataikuta bahari ya Kivinje iko mlangoni au iko upeoni.

Nimeanza na maji kwa sababu kila safari nitakayoieleza hapa huyategemea, hata zile za nchi kavu. Ila kwanza nieleze kwa nini Kivinje.

Wageni wengi hawaujui mji huu. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 na kuwaondolea wasafiri adha ya kivuko cha Rufiji, kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa imekuwa safari ya saa chache. Mgeni anashuka Nangurukuru, anaingia gari la Kilwa Masoko, kesho yake anavuka kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu, anapiga picha, anarudi. Njiapanda ya Kivinje anaipita bila kugeuza shingo. Naliona hilo kuwa hasara kubwa, na ushauri wangu ni mmoja: anza Kivinje. Anayeanza Kisiwani hurudi nyumbani akiamini kwamba Kilwa ilikuwa dola la dhahabu na masultani, ikafa walipoingia Wareno mwaka 1505. Nusu ya pili ya habari hiyo, iliyo karibu nasi zaidi na chungu zaidi, iko Kivinje, na inapitika kwa miguu ndani ya asubuhi moja.

Asubuhi hiyo ichague katika siku za bamvua. Fika ufukweni saa moja, maji yakiwa yanaondoka. Vyombo vilivyolala baharini vinawahi kuingia kabla tope halijatokeza, na samaki wanashushwa haraka: vibua, changu, tasi, ngisi, nguru mmoja mmoja mkubwa ambaye wanunuzi humzunguka kwanza kimya, kisha bei zinaanza kupaa. Kunywa chai hapo hapo na vitumbua, usiwe na pupa. Ifikapo saa nne bahari imekwenda zake mbali, na mbele yako kuna uwanda wa tope unaong'aa, mashua zimelala ubavu. Hizo ndizo saa za mafundi. Simama karibu na mmoja wao umtazame: anasokota uzi wa pamba uliolowa mafuta, anaulaza kwenye mshono wa mbao mbili, kisha anausindika ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti, kidogo kidogo, hadi mshono umeshiba. Anajua ana saa ngapi mkononi. Maji yakirudi, chombo kinapaswa kuelea bila kuvuja.

Ukiwa umesimama hapo, swali linakuja lenyewe: kwa nini watu walijenga mji mkubwa wa biashara kwenye bandari ya tope, ilhali Kisiwani kuna bandari yenye kina, inayopokea meli kubwa? Jibu liko nyuma yako, upande wa bara. Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kupitia nchi za Wayao na Wangindo. Waliofika hapa walikuwa wamebeba pembe za ndovu, na wengi wao walikuwa wenyewe ni bidhaa. Msafara wa bara hauhitaji kisiwa. Unahitaji nchi kavu, visima na mashamba ya chakula. Na jahazi halina hofu na tope: hukaa juu yake maji yakipwa, wapakiaji wakalifikia kwa miguu, likaondoka na maji ya jioni. Tope hili ninyi mnaokuja na viatu vyeupe mnaloliona kero ndilo lililoufanya mji huu.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Wafanyabiashara wakageukia nchi kavu. Misafara ikaanza kutoka Kivinje kuelekea kaskazini kwa miguu, ikifuata pwani, ikavuka mto Matandu, ikavuka Rufiji, hadi Dar es Salaam, Bagamoyo na Pangani. Ilihitaji amri nyingine, ya mwaka 1876, kuipiga marufuku njia hiyo nayo. Barabara ya lami unayokuja nayo kutoka Dar inapita kule kule walikotembezwa watu hao, ila kwa kuelekea upande wa pili. Sijui kitabu cha mwongozo kinachomweleza msafiri hilo, na nadhani anastahili kulijua kabla hajashuka garini.

Kutoka ufukweni ingia mjini. Mitaa ni michache na haina haja ya ramani. Kuna nyumba za mawe na chokaa zenye milango ya nakshi, kuna maduka ya zamani ya Wahindi yenye baraza pana mbele, nyingine zinakaliwa vizuri, nyingine mti umeota sebuleni. Boma la Wajerumani limeelekea bahari, kubwa, na linaporomoka. Inaniuma kila nikilitazama. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya Wajerumani. Jengo lile ni ushahidi, na ushahidi ukianguka kesi hubaki ya maneno matupu. Mwezi Septemba 1888, pwani nzima ilipoikataa kampuni ya Kijerumani, maofisa wake wawili waliuawa hapa Kivinje. Wajerumani walirudi na jeshi, wakakaa.

Aliyewasumbua zaidi hapa ni Hassan bin Omari, anayejulikana kwa jina la Makunganya, mtu wa biashara ya misafara na mwenye watu wengi nyuma yake. Mwaka 1894 watu wake walilishambulia boma la Kivinje. Mwaka uliofuata alikamatwa, na Novemba 1895 akanyongwa hapa hapa mjini, kwenye mwembe. Mahali hapo paliitwa Mwembe Kinyonga, na hospitali ya wilaya inaitwa Kinyonga hadi leo. Mtoto anazaliwa Kinyonga, mgonjwa anapelekwa Kinyonga, na jina linatamkwa mchana kutwa na watu wenye haraka zao. Nenda kwenye mnara wa kumbukumbu, usome, ukae. Miaka kumi baadaye, wakati wa Vita vya Maji Maji, watu walinyongwa Kivinje tena. Kama umekuja na watoto, hapa ndipo pa kuwaeleza, tena polepole. Ukimkuta mzee amekaa barazani jirani, mpe shikamoo yake kabla ya swali lolote, na ukaribishwapo kukaa, kaa.

Alasiri ni ya mikoko. Tafuta kijana wa hapa mwenye mtumbwi, mpatane bei mapema, mwingie kwenye vijito maji yakiwa yamejaa, saa tisa hadi saa kumi na moja. Utajifunza kutofautisha miti kwa mizizi yake: mkoko wenyewe husimama juu ya miguu iliyopinda, mchu huchomoza vidole vyembamba kutoka kwenye tope ili kuvuta hewa. Tondo wamegandamana kwenye magogo, kaa wanaingia mashimoni, na visamaki vidogo vinarukaruka juu ya tope kana kwamba havikuambiwa kuwa ni samaki. Boriti za miti hii zilikuwa zikipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, ambako nyumba nyingi za zamani zina paa lililobebwa na mikoko ya pwani hii. Anayependa kupanda badala ya kupiga kasia aende Kilima cha Singino, nyuma ya mji, jua likiwa limepoa. Si kilima cha kujivunia urefu. Faida yake ni kwamba ukiwa juu unaona kwa mara moja minazi, mapaa, mikoko na bahari, na unaelewa jinsi mji ulivyokaa.

Siku ya Kisiwani sitaieleza kwa urefu unaouzoea, kwa sababu imeandikwa sana. Vibali hushughulikiwa Masoko kabla ya kuvuka. Magofu yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na kuingia bila kibali na bila mwongozaji si ruhusa. Kuvuka ni kitambo kidogo tu kwa mashua, ila humo katikati ya mkondo nakuomba utazame pande zote mbili. Bandari hii yenye kina ni bonde la mto lililozama. Zama za barafu kuu, maji mengi ya dunia yakiwa yameganda, bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi, na mito ya hapa, Mavuji na wenzake, ilichimba mabonde yake hadi huko chini. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda ikayafunika.

Barafu hiyo hiyo, huko Norwei, ilikuwa ikifanya kazi nyingine: ilisaga milima na kuchonga mabonde ambayo bahari iliyaingia baadaye, yale wanayoyaita fjord. Sognefjord, lililo refu kuliko yote nchini humo, lina kina cha mita zaidi ya 1,300. Watu wa kule wameyafanya matembezi ya siku moja kando ya maji hayo kuwa sehemu ya maisha. Chama chao cha watembea kwa miguu kilianzishwa mwaka 1868, na njia zao milimani zina herufi T nyekundu iliyopakwa kwenye mawe, kiasi kwamba mgeni anaweza kutembea peke yake siku nzima asipotee. Hapa kwetu alama hizo zimo vichwani mwa watu. Ndiyo maana nasisitiza mwongozaji hata pale sheria isipomtaka: nahodha anajua mwamba uko wapi maji yakiwa nusu, mama anayetafuta pweza anajua tope gani linameza mguu. Kumlipa mtu huyo vizuri ni sehemu ya gharama ya safari, kama nauli.

Kisiwani kwenyewe, usianzie Msikiti Mkuu. Mwombe mwongozaji muanzie Husuni Kubwa, upande wa mashariki, asubuhi jua halijawa kali, kisha mrudi kwa miguu kuelekea mjini. Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ina vyumba zaidi ya mia moja, na birika la kuogelea lenye pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa wakati wa sultani huyo, mwaka 1331, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, uliojengwa kwa ustadi. Sarafu moja ya al-Hasan imepatikana Great Zimbabwe, karibu na ilikotoka dhahabu iliyolipia kuta hizi. Inama utazame ukuta kwa karibu. Matumbawe yaliyotumika kwa nakshi yalitolewa baharini yakiwa bado laini, yakachongwa, kisha yakakauka na kuwa magumu. Ndani ya jiwe utaona vijitundu vya mdudu aliyelijenga. Ukikuta kigae chini, cha buluu au cha kijani kutoka Uchina au Uajemi, kiache kilipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda, na hata isingekuwepo sheria, kigae kikiondoka mahali pake hakina tena cha kumwambia mtafiti.

Msikiti Mkuu na Gereza utavimaliza kabla ya adhuhuri. Gereza huitwa la Wareno, nao kweli walijenga ngome hapo mwaka 1505 na kuihama mwaka 1512, lakini sehemu kubwa ya unachokiona ni kazi ya zama za Waomani, yapata mwaka 1800. Watu wanaishi kisiwani humo, wanalima, wanavua, wanachota maji. Usitembee kati ya nyumba zao kana kwamba nazo ni maonyesho.

Songo Mnara ni mbali zaidi, kusini, na hapo ndipo mwezi unapoamua kabisa. Kisiwa kimezungukwa na mikoko. Ukienda asubuhi ya bamvua, chombo kitakwama mbali nawe utakokota miguu kwenye tope kwa muda mrefu ukiwa umebeba viatu kichwani. Ukienda siku za maji mafu, saa nne maji yamejaa kiasi, na unashuka karibu. Nahodha akikwambia tungoje kidogo, ngoja. Magofu ya huko, ya karne ya 14 na 15, yananivutia kuliko ya Kisiwani, kwa sababu ni mji wa nyumba: makazi zaidi ya thelathini ya mawe, misikiti mitano, yote ndani ya ukuta. Unaingia kwa mlango, unapita baraza, unafika chumba cha ndani, na mwili wenyewe unaelewa mpangilio kwa kuwa nyumba za Kivinje na Lamu zimepangwa vivyo hivyo. UNESCO iliviandikisha visiwa hivi viwili kuwa urithi wa dunia mwaka 1981, ikaviweka kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 kwa jinsi mawimbi na uchakavu ulivyovila, ikavitoa kwenye orodha hiyo mwaka 2014 baada ya ukarabati. Bahari bado inakula ufukwe. Nenda mapema maishani mwako.

Kuhusu majira: Juni hadi Oktoba ni wakati mzuri wa kutembea, nchi imekauka na kuna ubaridi wa asubuhi, ila kusi huweza kuvuma kwa nguvu mchana, kwa hiyo vuka mapema. Machi hadi Mei achana na safari za ndani. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara kuu maeneo ya Somanga, na abiria wakalala njiani. Chukua maji mengi kuliko unavyodhani, kofia, na viatu vyepesi vinavyoweza kulowa, kwa kuwa miamba ya pwani hukata kama wembe.

Safari ya mwisho inakupeleka mbali na bahari, kwenye Milima ya Matumbi. Ondoka Kivinje alfajiri, fuata barabara kuu kaskazini hadi Njia Nne, kisha kunja kushoto kuelekea Kipatimu. Barabara inapanda, hewa inabadilika, na mashamba ya ufuta na mikorosho yanaanza kupishana na misitu. Wengi wetu tulimjua Kinjikitile Ngwale, mganga wa Vita vya Maji Maji, darasani, kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Mwandishi mwenyewe ni mzaliwa wa Kilwa. Jukwaani Kinjikitile ndiye anayebeba kila kitu. Ukifika kijiji cha Nandete, huku huku Matumbi, unakutana na watu ambao mchezo haukuwataja. Julai 1905, wanaume wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, walikwenda kwenye shamba la pamba walilolazimishwa kulima wakang'oa miche ya kwanza. Hakupigwa risasi, hakuvamiwa mtu. Ilikuwa miche michache tu, lakini katika utawala ule kung'oa pamba kulikuwa kutangaza vita, nao walilijua hilo. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Vilienea hadi Songea na Mahenge, na njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma mashamba iliua watu wengi kuliko bunduki.

Pana mnara wa kumbukumbu Nandete, na kuufikia kwa miguu kutoka kijijini, ukipita vishamba na kupanda vilima, ni matembezi mazuri kuliko yote niliyoyataja. Milima hii ni ya mawe ya chokaa, na maji yameitoboa mapango. Pango la Nang'oma ni miongoni mwa makubwa nchini. Watu wa Matumbi walijificha mapangoni wakati askari walipopita wakichoma vijiji. Usiende moja kwa moja. Fika kwanza kwenye ofisi ya kijiji, ujitambulishe, uwasikilize wazee wakikueleza nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, maana baadhi ya sehemu bado ni za tambiko. Ndani kuna giza kamili, popo kwa maelfu na sakafu inayoteleza. Kila mtu abebe taa mbili, mmoja abaki mlangoni akijua mmeingia wangapi, na kama wingu limekaa juu ya milima, ahirisheni hadi kesho, kwa sababu maji ya mvua yanaweza kuingia pangoni ghafla kwa njia ile ile mliyoingilia ninyi.